Boga la nazi ughaibuni: kabocha, butternut au lipi?

Binti_Iliki (Minneapolis)
Wakuu salaam. Msimu wa maboga umewadia huku, na dukani yamepangwa ya kila sura: kabocha, red kuri, delicata, acorn, butternut, na moja la kijivu lenye vipele wanaliita Hubbard. Nataka kupika boga la nazi la kueleweka, la unga, lisiachie maji mpaka tui ligeuke supu. Lile kubwa la chungwa la kuchonga macho na meno msinitajie, ni chapwa. Mlioko nje mnatumia lipi?

Tui_Zito (Leicester)
Kabocha, dada, wala usihangaike. Nyama yake kavu, ya unga, utamu unakaribia wa kiazi kitamu, na ganda linaiva likalika. Chagua lililo zito kuliko unavyolidhania kwa macho, kikonyo kiwe kimekauka na kuingia nyufa. Likiwa bichi kutoka shambani halina ladha. Wanga wake unageuka sukari taratibu likikaa, kwa hiyo la wiki nne au zaidi tangu kuvunwa ndilo tamu. Wajapani, ambao hulila hasa siku ile ya mwezi wa 12 yenye usiku mrefu kuliko zote, huagiza mengi kutoka New Zealand msimu wao ukiisha.

Kupika: kata vipande na ganda lake, vipange ganda likiwa chini, mimina tui jepesi lifike nusu ya vipande, sukari, chumvi kidogo, iliki. Funika. Usitie mwiko! Robo saa linatosha. Halafu tui zito, moto mdogo, unatingisha sufuria tu.

Kwetu Uingereza kuna Crown Prince pia, ganda la kijivu linaloelekea buluu. Ukilipata, kabocha utaliacha.

Mzee_wa_Kikonyo (Arusha)
Niongezee la shambani. Kabocha, red kuri, Hubbard na Crown Prince ni ukoo mmoja, kitaalamu *Cucurbita maxima*. Butternut ni ukoo mwingine, *moschata*. Acorn, delicata na lile la spagheti, ambalo likiiva nyama yake inachambuka nyuzi kama tambi, ni *pepo*, ndugu zake zukini. Hata bila kibandiko cha jina utawajua kwa kikonyo: maxima ni cha mviringo, kinene, laini kidogo, moschata ni kigumu chenye pembe tano, kimetanuka pale kinaposhika boga, pepo ni kigumu, kina migongo mikali. Ukitaka unga, anza na maxima. Pepo nyingi zina maji na nyuzi.

Malenge_na_Chai (Nairobi)
Mnaionea butternut bure. Hapa iko kila sokoni na inamenyeka bila vita. Ni kweli ukiitupa moja kwa moja kwenye tui inaachia maji, lakini ipasue katikati, ichome kwenye oveni ya nyuzijoto 200 mpaka kingo zianze kuwa kahawia, ndiyo uitie kwenye nazi. Maji yanapungua, utamu unakolea. Ukiimenya mbichi vaa glavu, ule utomvu wake unakausha viganja na wengine wanawashwa.

Ila kwa kuchemsha na kula asubuhi na chai, malenge ya kawaida ya sokoni hayajapata mpinzani.

Tui_Zito (Leicester)
Oveni, halafu sufuria, kwa boga la nazi? Gesi analipa nani?

Malenge_na_Chai (Nairobi)
😂 Wewe si uko kwa malkia?

Tui_Zito (Leicester)
Mfalme sasa, na bili imepanda.

Shangazi_Pilipili (Toronto)
Mimi sikubaliani na kabocha, samahani Tui Zito. Linakunywa tui lote, kisha linakukaba kooni. Binti, tafuta duka la Wakaribi au la watu wa Amerika ya Kusini, uliza calabaza. Linauzwa kwa vipande, kwa hiyo unaona ndani kabla ya kulipa: chukua lenye rangi ya chungwa iliyokolea, achana na la njano lililopauka. Ni moschata kama butternut ila limekaa kiboga zaidi, linatoa rojo kidogo na kuchanganyika na nazi. Ndilo lililo karibu na la kwetu Tanga.

Mengine: delicata ganda lake jembamba, likate pete uzichome kwa mafuta na chumvi, watoto watamaliza. Nazi usilipelekee. Red kuri linafaa supu, huna haja ya kumenya. Spagheti si boga, ni kachumbari iliyokosa ndimu.

Mzee_wa_Kikonyo (Arusha)
Hubbard je? Mbegu zake alizieneza James Gregory wa Marblehead, Massachusetts, katikati ya karne ya 19, na hadi leo lina watu wake, maana linakaa miezi mitano au sita mahali pakavu penye ubaridi. Delicata haliwezi kukaa hivyo.

Shangazi_Pilipili (Toronto)
Na nani atalipasua? Jirani yangu huku hulitia kwenye mfuko akalibwaga kwenye sakafu ya gereji. Kisu kinakwama.

Jambo moja la hatari: boga lolote ukilionja likawa chungu kama dawa, tema, mwaga sufuria nzima. Uchungu ule ni sumu inayoumiza tumbo na moto hauiondoi. Vile viboga vidogo vya mapambo vinavyouzwa pembeni, msije mkavipika.

Binti_Iliki (Minneapolis)
Ahsanteni sana. Nimenunua kabocha na kipande kikubwa cha calabaza. Nachanganya sufuria moja, kila mtu ajichagulie?

Tui_Zito (Leicester)
Hapana! Kabocha litakuwa limeshapasuka wakati calabaza bado gumu. Sufuria mbili, na la kabocha liongeze kikombe cha tui jepesi, Shangazi asije akapata la kusema.

Shangazi_Pilipili (Toronto)
Nitalipata tu. Na kabocha usilimenye.