Mrejesho: Nimepanda Ben Nevis peke yangu na kurudi siku hiyo hiyo

Wakuu, niliuliza kama mtu anaweza kupanda Ben Nevis kule Uskoti peke yake, kwenda na kurudi siku moja mwezi wa Julai, na kama kuna haja ya koti zito wakati wa kiangazi. Inawezekana, na koti beba.

Nilianzia Glen Nevis, bonde lililo chini ya mlima huo, karibu kabisa na usawa wa bahari, kwa hiyo mlima wenye mita 1,345 unaupanda karibu wote kwa miguu yako. Njiani watu wamejaa, upweke huusikii. Ukishavuka kijito cha Red Burn njia inaanza kukata kona juu ya mawe yanayoteleza, na hapo magoti yanapata kazi, hasa wakati wa kushuka.

Bondeni nilikuwa na fulana tu, jasho linatiririka. Juu ukungu ukashuka ghafla, vidole vikafa ganzi hata zipu ya begi ikanishinda. Aliyenisisitizia glavu, Mungu akubariki sana! Nikafuata marundo ya mawe hadi kwenye magofu ya kituo cha hali ya hewa kilichofanya kazi kuanzia 1883 hadi 1904.

Anayefikiria kwenda asitegemee simu pekee. Beba ramani na dira, na ujue kuzitumia, maana kileleni ni tambarare na upande wa kaskazini kuna genge lenye kina cha mamia ya mita. Tena muage mtu, umwambie saa unayotarajia kurudi.