Wauza ekzosi za "spoti" Dar, mnatuuzia makelele mkiyaita nguvu

Wakuu, hizi ekzosi za pikipiki zinazouzwa Kariakoo na kufungwa kwenye kila kijiwe cha mafundi mjini, upuuzi umezidi.

Boxer 150 ina nguvu za farasi kama 12. Kubadilisha kopo la nyuma (lile la kupunguza mlio) peke yake hakuifikishi 15, hata likifungwa na fundi bora kuliko wote. Mara nyingi kidogo unachopata kwenye RPM kubwa (injini ikizunguka kwa kasi) umekilipa chini: pikipiki inakuwa goigoi kwenye kuondoka, na kwa foleni za Ubungo na Buguruni maisha yote ni kuondoka na kusimama. Mlio ukipanda, sikio linadhani mwendo nao umepanda. Hapo ndipo mnapopigia hela.

Chukueni rula. Makopo mengi yanayoletwa yana mdomo wa milimita 51, kipimo cha pikipiki kubwa. Shingo ya ekzosi (bomba linalotoka kwenye injini) ya pikipiki ya cc 125 au 150 haifiki hata 35. Fundi anafanyaje? Anakunja bati kuwa koni fupi, anachomelea, anapulizia rangi nyeusi, kazi imeisha. Moshi uliokuwa unakimbia kwenye bomba jembamba unaangukia uwazi ghafla na kasi inakufa, wakati kasi hiyo ndiyo inayosaidia kuvuta moshi uliobaki kwenye silinda. Ukirudi kulalamika unaambiwa "imekosa presha ya nyuma", yaani eti moshi unatakiwa uzuiwe kidogo. Hakuna injini ya 4-stroke inayopenda kuzibwa! Ikibidi koni, iwe ndefu, ipanuke taratibu.

Lakini kinachoua injini ni kabureta kuachwa ilivyo. Njia ya kutolea imefunguka, hewa inapita zaidi, mafuta ni yaleyale. Ukirudisha mkono wa mafuta inapiga mafataki, na vijana wanashangilia. Chomoa plagi baada ya kwenda kasi kwa muda: ikiwa nyeupe kama chaki, injini inachemka kupita kiasi na valvu ya kutolea iko njiani kuungua. Inatakiwa iwe kahawia ya chai ya maziwa. Shusha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja ili sindano ipande na mafuta yaongezeke. Ikiwa bado, badilisha jeti kubwa (kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta), panda kwa namba moja, kisha soma plagi tena. Usirukie namba tatu kwa mpigo, utaishia na plagi nyeusi na unywaji wa mafuta wa ajabu.

Kabla ya kugusa jeti, hakikisha hakuna uvujaji, maana nao unaleta mafataki. Ile gasketi ya pete kwenye silinda hedi ikishakandamizwa mara moja, tupa. Fundi anayeirudisha anakuibia. Washa injini ikiwa ya baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio kabla hayajapata moto, angalia povu.

Kingine ni uzito. Kopo linaning'inizwa bila mpira wa kishikizo, au linachomelewa moja kwa moja kwenye chasisi, na mtetemo wote unahamia kwenye zile stadi (skrubu zinazoshika shingo) mbili za hedi. Stadi ikikatikia ndani ya alumini, fundi anaingiza drili, drili inakwepa chuma kigumu na kula alumini laini ya pembeni, halafu hata kupiga tepu (kuchonga nyuzi upya) hakuna pa kupigia. Unanunua hedi nzima! Kaza hivi: nati za shingo kwa vidole, kishikizo kwa vidole, kisha nati za shingo kwa zamu kidogo kidogo, kishikizo mwisho. Pandisha na abiria, uone kama kopo haligusi tairi.

Za injeksheni (zisizo na kabureta, mafuta yanapimwa na kompyuta kwa kusoma sensa ya oksijeni) ndiyo kabisa: shingo isiyo na tundu la sensa hiyo mnamuuzia mtu ya nini?

Na hizo Akrapovič (chapa maarufu ya ekzosi) za stika, mnazosema ni titani. Titani haishiki sumaku. Ikinasa, ni bati limepakwa rangi. Ile bluu ya "kuungua" jaribuni kuifuta kwa thina.

Wauzaji mliomo humu, kwenye kila tangazo wekeni kipenyo cha mdomo, uzito wa kopo, kama kizibo cha ndani cha kupunguza kelele kimo, na kama sufi yake ya ndani ya kunyonya mlio ni ya glasi au ni stili waya ya kusugulia masufuria. Anayeweka video ya mlio tu, tumwulize rula yake iko wapi.