Tupeane uzoefu: vyeti vya wazazi vinavyosumbua kwenye maombi ya viza, sisi wa Kigoma

Mleta mada
Wanajamvi, mama yangu alizaliwa nyumbani, Ujiji, mwaka 1954, akapokewa na mkunga wa mtaani. Hakuna aliyekwenda kumwandikisha. Kaka yetu ni raia wa Marekani na ndiye anayemwombea ukaazi. Wanataka cheti cha kuzaliwa cha kaka chenye jina la mama, halafu ubalozi unataka na cha mama mwenyewe. Cha kaka kipo, ila mama kaandikwa jina la nyumbani, na kitambulisho chake cha NIDA kina jina la chuoni, yaani la madrasa. Hapo tukaongeza kiapo cha majina.

RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, tulimsajili kwa kuchelewa, na barua ya mtendaji mkononi. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe cheti kipya cha mtu mwenye miaka zaidi ya sabini hakiwatoshi, wanataka na karatasi za zamani. Tukaenda shule aliyosoma. Mwalimu mkuu akatoa rejista iliyoliwa na mchwa pembeni, lakini mstari wa mama mzima kabisa, na jina la babu. Nililia palepale ofisini. Shangazi naye amekula kiapo. Leteni yenu kabla hatujatuma.

Mdau wa Kasulu
Pole, na hongera kwa hiyo rejista. Sisi Wakatoliki tuliokolewa na daftari la ubatizo. Wamisionari wa Kikatoliki, White Fathers, walifika Ujiji 1879, kwa hiyo parokia za zamani huku zina madaftari ya miaka mingi. Baba alibatizwa akiwa na wiki mbili, wazazi wake wote wameandikwa. Ila nenda na mwaka na jina la kigango, lile kanisa dogo chini ya parokia. Sisi tulikwenda hatujui mwaka, katekista akapekua kutwa nzima, mzee wa watu.

Mama wawili
Mimi ni Kanada, kumfuata mume. Mtoto wa kwanza hakuwa na karatasi yoyote ya kliniki. Tukaandika barua ya maelezo, tukaambatanisha na majibu ya kila ofisi iliyosema haina rekodi. Wakatuandikia tupime DNA. Msikimbilie kupima kabla hamjaambiwa, maana maabara lazima iwe imeidhinishwa kwao.

Kishoka mmoja, dalali wa mtaani, alitaka kututengenezea cheti kwa siku mbili. Nilikataa. Kanada wakikukamata na hati ya kughushi, unafungiwa miaka 5, na mtoto anakua bila baba.

Mzaliwa wa Ulyankulu
Wazazi wangu walikimbia Burundi 1972, nimekulia Tabora. Baba alikuwa na cheti cha uraia tu. Kuna ndugu walitushauri tuandike kazaliwa Tabora. Tuliandika Burundi, tukaeleza alivyovuka.

Mleta mada, kiapo cha shangazi kinasema amejuaje mama alizaliwa siku hiyo? Cha kwetu kilirudishwa kwa hilo. Na Marekani, mkitegemea viapo, wanataka watu wawili au zaidi.

Mleta mada
Ahsante sana ndugu yangu. Nimekisoma tena sasa hivi, kinasema "namfahamu" basi. Shangazi alikuwa na miaka tisa, ndiye aliyetumwa kumwita mkunga usiku ule, na hilo halimo. Kesho asubuhi nampeleka kwa wakili kiandikwe upya. Kuna jirani wa zamani yuko Mwanga, bado ana kumbukumbu nzuri, nitampitia na yeye.