Naomba msaada: barua ya Kijapani kwa mwalimu wa klabu ya mtoto

BabaWavu: Wakuu habari. Naishi Chiba, Japani, na familia. Kijana wangu yuko mwaka wa pili wa chugakko, yaani shule ya kati, klabu ya mpira wa wavu. Mazoezi asubuhi kabla ya masomo, jioni tena, Jumapili mechi. Nataka kumwandikia mwalimu kwamba Jumapili mtoto lazima aende kanisani. Hiyo "lazima" ya heshima inaandikwaje? Kamusi imenishinda.

Mchakamchaka: Sisi bweni tulikimbizwa saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, na hakuna mzazi aliyeandika barua. Kuna jamaa alijificha darini, akalala, dari likaachia. Nitarudi kuimalizia.

Dada_Osaka: "Kyokai ni ikanakereba narimasen." Yaani asipokwenda, haiwi. Lazima yao hupitia kwenye kukanusha, kama "hana budi" yetu. -nakereba narimasen inanukia kanuni, -nakereba ikemasen ni ya mambo ya mtu mwenyewe zaidi, -nakya, mkato wake, waachie vijana. Ila kaka, mwalimu haandikiwi lazima. Andika "nichiyobi wa yasumasete itadakitai no desu ga", yaani Jumapili tungeomba apumzike, ila..., unamwombea mtoto ruhusa, na hiyo "ga" unaiacha inaning'inia, mwalimu ajaze mwenyewe.

Mtumishi: Mungu kwanza, mpira baadaye. Watoto wa siku hizi tumewaharibu wenyewe.

Kaka_Saitama: Mwongozo wa Wakala wa Michezo wa Japani unataka angalau siku mbili za mapumziko kwa wiki, moja iwe Jumamosi au Jumapili, na mazoezi ya siku za shule yasizidi kama saa mbili. Si sheria, lakini walimu wanaujua. Ungeweza kuliulizia hilo kistaarabu. Sasa, mwalimu mwenyewe alisemaje? Naona kuna kitu umekiruka.

BabaWavu: Sawa. Mtoto alikosa mechi ya Jumapili. Kesho yake akaambiwa "ashita kara konakute ii", kuanzia kesho si lazima uje. Basi hajaenda tena.

Dada_Osaka: Mungu wangu! Hiyo si ruhusa, ni hasira! Alitakiwa siku inayofuata awe wa kwanza kufika, ainamishe kichwa, aombe radhi. Wenzake wote wanalijua hilo.

BabaWavu: Dada, sarufi ni sarufi. -nakute ii ni "si lazima", na kaitamka mwalimu mbele ya watoto. Halafu klabu ni hiari, hata mtaala wao unasema. Fomu ya kujitoa, taibu todoke, nimeshaijaza. Umebaki mhuri wangu.

JichoKavu: Chai hii. Lazima na si lazima ndani ya kisa kimoja? Hiyo ni sura nzima ya kitabu cha wanaoanza Kijapani. Jamaa ana mtihani, anataka tumfanyie. Tena Agosti hii shule zimefungwa, mazoezi gani?

Mchakamchaka: Mimi nilijua tangu "Wakuu habari".

Kaka_Saitama: Shule zinafungwa, klabu hazifungwi. Kiangazi ndiyo wanakaza. Wa mwaka wa tatu wanastaafu, wa pili wanashika usukani. Mleta mada, kijana anasemaje?

BabaWavu: Hajui habari ya fomu.

JichoKavu: Weka picha ya hiyo fomu.

BabaWavu: Ina jina la mtoto. Siweki.

Dada_Osaka: Usipige mhuri. Aende mwenyewe, na sare yake, aseme "moshiwake arimasen deshita, mo ichido yarasete kudasai", yaani samahani sana, naomba niruhusiwe tena. Ya Jumapili utaiomba mambo yakitulia.

BabaWavu: Nitaiombaje baadaye wakati ibada ni kila wiki? Kinanda anapiga yeye. Kanisa letu ni dogo, hakuna mwingine, na mimi ndiye niliyewaahidi wazee.

Mchakamchaka: Heeee!

JichoKavu: Sasa chai imetiwa maziwa.

Mtumishi: Ni kinanda aina gani? Nina kijana wangu hapo Yokohama anapiga vizuri, Jumapili yuko huru. Njoo inbox.