Mafunzo kwa vitendo ya mbali, uhandisi wa vifaa tiba: mradi wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) wa wiki 8, nianzie wapi?

kapasita47:
Wadau, habari zenu. Nimekubaliwa mafunzo kwa vitendo ya kimataifa kwa njia ya mtandao, timu iko bara lingine. Kazi: kuandika programu ya Python inayotambua mapigo kwenye mawimbi ya ECG na kuyatenga ya kawaida na yasiyo ya kawaida. Msimamizi kasema nichague data mwenyewe. Sina maabara, nina laptop ya RAM GB 8 na intaneti inayokatikakatika. Data ipi inafaa, na watu hukwama wapi? Pia nina moduli ya AD8232, ile ndogo ya kupimia ECG. Nijipime mwenyewe niongezee data?

ishara_safi:
Chukua MIT-BIH Arrhythmia Database, iko PhysioNet, tovuti ya data za kitabibu, huombi ruhusa kwa mtu. Rekodi 48 za nusu saa kila moja, chaneli mbili, sampuli 360 kwa sekunde, na kila pigo limewekewa alama na wataalamu wa moyo. Ni kama MB 100 tu, pakua mara moja ufanye kazi hata mtandao ukizimika. MIMIC, ile hifadhi kubwa ya data za hospitali, achana nayo kwa sasa: data zake kuu za wagonjwa zinadai kozi ya CITI ya maadili ya utafiti, mtu wa kukudhamini na kusubiri kibali, na wiki 8 hazina nafasi ya kusubiri.

Soma faili kwa maktaba ya Python iitwayo wfdb, `rdrecord` kwa mawimbi na `rdann` yenye 'atr' kwa alama. Hapa ndipo wengi huteleza mapema kabisa: si kila alama ni pigo. `+` ni mabadiliko ya mdundo, `~` ni mabadiliko ya ubora wa mawimbi, `|` ni kelele inayofanana na pigo. Kinyume chake, `/` inaonekana kama uchafu wa kuchapa, kumbe ni pigo la kifaa cha kuendeshea moyo. Jipime kwa rekodi namba 100: alama 2274, mapigo 2273. Ukipata 2274 bado hujachuja.

Kwenye vichujio, kutazama wimbi tumia Hz 0.5 hadi 40. Kutafuta vilele vya R (ncha ndefu ya kila pigo) tumia 5 hadi 15, kwa njia ya Pan na Tompkins ya 1985. Ukiomba SciPy kichujio cha Butterworth cha daraja la juu chenye kikomo cha chini cha 0.5 kwa muundo wa `b, a`, namba zinavurugika na wimbi linalipuka; tumia `output='sos'` na `sosfiltfilt`. Ukitumia `lfilter`, kilele kinachelewa. Ukilinganisha na alama, ukomo wa kukubali unaotumika ni milisekunde 150, yaani sampuli 54, na ucheleweshaji wa kichujio unaweza kula sehemu nzuri ya hizo bila wewe kujua. Ila `sosfiltfilt` inasoma wimbi mbele na nyuma, kwa hiyo usiiahidi timu kwamba itaendeshwa ndani ya kifaa papo kwa papo.

Kelele ya umeme iondoe kwa Hz 60, si 50. Rekodi zilichukuliwa Marekani.

takwimu_tiba:
Aliyetangulia kasema vizuri, mimi naongeza kinachoua miradi hii kuliko vichujio: kugawa data. Ukichanganya mapigo yote ukayagawa kwa bahati nasibu, mapigo ya mgonjwa yuleyule yanakaa pande zote mbili. Modeli inakariri umbo la moyo wa mtu, unapata asilimia 99, halafu msimamizi anakupa mgonjwa mpya na kila kitu kinaporomoka. Gawa kwa mgonjwa.

Mgawanyo unaotumiwa na wengi ni wa de Chazal wa 2004: ondoa rekodi namba 102, 104, 107 na 217 zenye kifaa cha kuendeshea moyo, zilizobaki 22 za kufundishia na 22 za kupimia. Kuna kijitundu humo: rekodi namba 201 na 202 ni mtu mmoja, na mgawanyo huo unamweka kila upande. Fuata mgawanyo ili ulinganishwe na wengine, lakini taja jambo hilo kwenye ripoti. Msimamizi makini ataliona.

Usahihi wa jumla nao usikudanganye. Takriban mapigo 9 kati ya 10 yako kundi la kawaida, kwa hiyo programu inayojibu "kawaida" kila mara inapata karibu asilimia 90 bila kufanya kazi yoyote. Toa unyeti (sehemu ya mapigo husika uliyoyanasa) na uhakika wa jibu chanya (sehemu ya majibu yako yaliyo kweli) kwa kundi la V (mapigo yasiyo ya kawaida yanayoanzia vyumba vya chini vya moyo) na la S (yanayoanzia juu ya hapo), kila moja peke yake. S itakusumbua, jiandae.

fundi_vifaa:
AD8232: hapana kwa data ya kufundishia. Njia moja tu ya elektrodi, hakuna mtaalamu wa kuweka alama, na vichujio vyake vya ndani vinabadilisha umbo. Kwa kujifunza kelele ya misuli na ya elektrodi iliyolegea, sawa. Ilishe volti 3.3, kamwe si 5, kikomo chake ni 3.5. Laptop ichomolewe kwenye chaji, wala kisiwepo kingine kilichounganishwa na umeme wa ukutani, maana moduli haina utengano wa umeme. Kiwango cha usalama wa vifaa tiba, IEC 60601-1, kinaruhusu mikroampea 10 tu kupita mwilini kwa vifaa vya aina CF (vinavyofaa kugusa moyo wenyewe) katika hali ya kawaida. Chaja mbovu haina habari na kikomo hicho.

kapasita47:
Nimeelewa, asanteni sana wakuu. Na kufanya kazi na timu iliyo mbali?

ishara_safi:
Siku ya pili ama ya tatu peleka kwenye ripo ya Git (hifadhi ya msimbo ya timu) daftari fupi la Python (notebook): rekodi namba 100, sekunde 10, alama juu ya vilele. Msimamizi akiliona anajua mazingira yako yanafanya kazi. Ukikwama usiandike "haifanyi kazi". Andika namba ya rekodi, namba ya sampuli, toleo la wfdb, na picha ya wimbi, kwa sababu swali likirudi kuuliza hayo umepoteza siku nzima.

Saa za vikao ziandike kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Marekani na Ulaya hubadilisha saa tarehe tofauti, kwa hiyo mwezi Machi kuna wiki mbili tatu ambazo tofauti kati yao si ile ya kawaida.

takwimu_tiba:
Na kabla ya kuanza, uliza kwa maandishi kama utaruhusiwa kuonyesha msimbo wako hadharani baadaye. Ukiuliza wiki ya 8, mara nyingi jibu linakuja ufikio wako umeshafungwa.