Ijumaa saa tatu usiku na bado nina wachezaji 9. Nyie mnawashikaje watu wenu?

NahodhaKikosiCha2

Wakuu, nina swali, na naombeni sana asije mtu kunijibu "vijana wa siku hizi". Hilo nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi na halijaniletea mchezaji hata mmoja.

Mimi ni nahodha wa kikosi cha pili katika klabu ya kriketi ya ridhaa. Hakuna anayelipwa, kila mtu anajigharamia. Tunacheza Jumamosi, ova 40 kila upande, kila ova ni mipira 6 ya mrushaji mmoja. Msimu ulipoanza nilikuwa na majina 23 kwenye daftari, hadi nikawa na jeuri ya kumwambia mtu "wiki hii wewe pumzika". Sasa zimebaki mechi tano, na kila Ijumaa jioni nakaa na simu kama mtu anayedai deni. Napiga, inaita mpaka inakata. Natuma ujumbe, naona umesomwa, kimya. Ikifika saa tatu nina 9. Saa nne mmoja wa hao 9 anakumbuka kwamba kesho ana safari.

Jumamosi iliyopita tuliingia 9 kweli. Wenzetu walikuwa 11 kamili, na pembeni wana mtoto wa miaka 12 wa akiba amevaa nyeupe tupu, anaombea mtu ateguke. Kucheza pungufu si kosa, lakini jaribu uone. Toa mrushaji, toa mlinda wiketi, yule wa nyuma ya vijiti, umebaki na watu 7 kuziba uwanja mzima wa duara. Kila mpira uliopenya ulikwenda mpaka wa uwanja, mikimbio 4, yaani alama 4 kwao, na mimi ndiye niliyeufuata kwenye majani huku najiuliza Jumamosi zangu nazifanyia nini.

Walioondoka wako wa aina tatu. Kuna wenye sababu: mrushaji wangu wa kasi ana mitihani, mwingine kapata mtoto mchanga. Hao nawaelewa, milango iko wazi. Kuna walionuna kwa sababu hawakupandishwa kikosi cha kwanza, nao nawaelewa kidogo. Wanaoniumiza ni wa aina ya tatu. Hawagombani na mtu, hawasusi, hawasemi neno. Wanafifia tu.

Nina kijana mmoja wa miaka 19. Mazoezini alikuwa wa kwanza kufika, anabeba begi la vifaa bila kuombwa, anachomeka wiketi kabla mimi sijafunga kamba za viatu. Amecheza mechi 10. Sasa wiki ya nne haji. Nikimuuliza ananiambia, "niko bize kidogo, nahodha." Bize gani, jana nimemwona mtandaoni saa nzima.

Nimejaribu faini kwa wanaoghairi Ijumaa usiku: nilikusanya faini moja nikapoteza wachezaji wawili. Nimejaribu hotuba. Nimejaribu jezi mpya. Nyie mnafanyaje?

MamaKalamu

Pole nahodha. Mimi sichezi, naandika kitabu cha alama, na huu ni msimu wangu wa 12 kwenye kile kiti. Kwa hiyo sitakwambia habari za moyo wa mtu. Nitakuuliza hesabu. Huyo kijana wako katika mechi 10 amekabili mipira mingapi? Amerusha ova ngapi?

Usinijibu kwa kukisia. Fungua kitabu.

Nakuuliza kwa sababu mchezo wetu ni wa ajabu. Kwenye kandanda hata beki mbovu ataugusa mpira. Kwenye kriketi mtu anaweza kuwemo kikosini siku nzima asifanye kitu, na bado tukasema amecheza. Chukua ova zako 40. Ni mipira 240. Ligi nyingi za ova 40 zinamruhusu mrushaji mmoja ova 8 na si zaidi. Watu watano mara 8 ni 40, mchezo umekwisha, na wenzao sita hawajaushika mpira isipokuwa kuurudisha. Njoo kwenye kupiga. Wapigaji wanne wa kwanza wakikaa vizuri bila kutolewa, wa namba 8 kwenye zamu ya kupiga anavaa pedi za miguuni, anakaa, anavua pedi. Sasa tafuta mtu ambaye ni namba 8 na wala harushi. Amesimama saa tatu kwenye jua, ameketi saa tatu kivulini, amerudi nyumbani. Na wewe unamwambia "asante kwa kuja"!

Kwetu nilimgundua mmoja wa namna hiyo wakati najumlisha takwimu za mwisho wa msimu. Mechi 9, mipira 14 aliyoikabili, ova 2 alizorusha, kudaka mmoja. Hakuna aliyekuwa amemwonea kwa makusudi. Kila Jumamosi nahodha alikuwa na sababu nzuri ya siku hiyo. Sababu tisa nzuri, na mtu hakurudi tena.

Tangu hapo kila Jumatatu namwandikia nahodha wetu kikaratasi: majina, mipira, ova, wiki hii na jumla. Asiyepata chochote wiki mbili mfululizo namchorea mstari kwa kalamu nyekundu. Sina mamlaka ya kupanga kikosi, lakini nahodha anaiogopa ile kalamu kuliko anavyomwogopa mwenyekiti.

Googly_Butu

Mimi ningemsajili yule mtoto wa miaka 12.

NilichokeaMpakani

Nahodha, mimi ndiye huyo kijana wako. Si yeye hasa, mimi nina miaka 34 na niko klabu nyingine kabisa, ila naijua hiyo "niko bize kidogo" kwa sababu niliitumia mwaka mzima.

Ngoja nikueleze jinsi inavyokuwa. Unawekwa mpakani nyuma ya mpigaji, upande wa mguu. Ova inaisha, mrushaji anabadilisha upande, na nahodha hataki kufikiria, kwa hiyo unatembea uwanja mzima kwenda kusimama pahali palepale upande wa pili. Ova inaisha, unarudi. Mara 40. Ukiwa huko huwasikii wenzako. Wanacheka, hujui wanacheka nini. Unakuja kushtuka mpira uko hewani unakujia wewe, baada ya saa mbili za kutogusa kitu, vidole vya baridi. Unaudondosha. Na hapo ndipo watu wote 10 wanakumbuka kwamba upo.

Lakini hilo silo lililoniondoa. Lililoniondoa ni "leo utarusha". Aliniambia hivyo asubuhi, mechi tatu tofauti. Nikapasha misuli mara tatu. Mara tatu mechi ikabana, mpira akapewa yuleyule wa siku zote. Angeniambia "leo hurushi, nakuhitaji kwenye kudaka," ningekuja tu. Mtu mzima anavumilia kunyimwa. Ahadi ya asubuhi inayosahaulika saa nane mchana ndiyo inayochosha.

Na hizo simu za Ijumaa usiku, samahani kaka, kila anayezipokea anajua yeye ni chaguo la 12 au la 15. Aliyekuwa wa kwanza uliongea naye Jumanne.

Nilirudi vipi? Nahodha mpya alinipigia Jumatano, akasema: "Jumapili kuna mechi ya kirafiki. Utarusha ova ya kwanza, na ya tatu, na ya tano, hata ukipigwa vipi." Nilipigwa mikimbio 19 katika hizo ova tatu. Alinipa na ya nne. Huu ni msimu wangu wa tano naye.

NambaTatuDaima

Naona huku mnabembelezana, acha niseme la upande wa pili maana mimi ndiye mnayemsema. Napiga namba 3 na narusha ova zangu 8. Nafanya mazoezi peke yangu katikati ya wiki. Klabu yangu ya zamani ilikuja na huo usawa wenu: kila atakayefikisha mikimbio 30 atoke awapishe wengine, kila mtu arushe ova mbili. Tukashuka daraja. Wanne wenye uwezo tukahama. Mliowapigania nao wakaacha, maana hakuna anayependa kufungwa kila wiki. Kwa hiyo msidhani anayefifia ni namba 8 peke yake, hata namba 3 huondoka, ila yeye anapata klabu nyingine siku hiyohiyo.

Ligi ni ligi. Mkitaka kugawana, kirafiki kupo. Na hata huko mpatane na nahodha wa upande wa pili mapema, kwenye kurusha sarafu, kwa sababu kwa sheria mpigaji aliyetoka mwenyewe bila kuumwa wala kuumia harudi mpaka nahodha mpinzani akubali, na asiporudi anaandikwa ametolewa. Nimeona watu wakigombana uwanjani kwa kutoijua hiyo.

MamaKalamu

@NambaTatuDaima, hapo kwenye kutoka kwa 30 tuko pamoja, katika ligi ni upuuzi. Lakini mimi sikusema usawa, nilisema hesabu. Mechi ambayo wapinzani wanahitaji mikimbio 90 na wamebaki na wiketi moja, yaani akitolewa mpigaji mmoja tu wamekwisha, ova zako za saba na za nane zilikuwa za nini? Kuokoa daraja au kupamba takwimu? Naviandika hivyo vitabu mwanangu, najua mechi ngapi zinakuwa zimeshaamuliwa zikiwa na ova 10 mbele yake. Hizo ndizo ova za kugawa, na hazikugharimu pointi hata moja.

NambaTatuDaima

Mama, hapo umenikamata.

DadaWaWiketi

Nyongeza fupi kutoka timu ya wanawake. Sisi wengi tuna watoto, na ova 40 ni siku nzima: kusafiri, kupasha, saa sita au saba za mchezo, kusafiri. Tukaipunguza kuwa ova 20 jioni, na waliopotea watatu wakarudi wenyewe bila kuitwa. Watu wanaiona T20, yaani mechi za ova 20 kila upande, kama kitu cha televisheni kwa kuwa ilianza kwenye kriketi ya kulipwa kule Uingereza mwaka 2003, lakini klabu za ridhaa zilikuwa zinacheza ova 20 za jioni baada ya kazi miaka mingi kabla ya hapo. Mzee wetu mmoja anapenda kutukumbusha kila tukisema ni mambo mapya.

Siku tukiwa wachache zaidi tunapiga kwa jozi, kama wanavyofundishwa watoto. Watu 8 ni jozi nne, kila jozi inapiga ova 4, ukitolewa huondoki bali timu inakatwa mikimbio 5. Ova 16, na kila mmoja anarusha 2 kamili. Nahodha hana wa kumficha. Nawaambia ukweli, kuna wanaokuja kwa ajili ya siku hizo tu, na ninawapokea hivyohivyo.

NahodhaKikosiCha2

Nimekaa na kitabu tangu jioni. MamaKalamu, umeniharibia usingizi.

Kijana: mechi 10. Mipira aliyoikabili, 11. Ova alizorusha, 1, na hiyo ni siku ambayo mvua ilikuwa inakuja na wote tulijua mechi haitaisha. Kudaka wawili. Mpira mmoja aliudondosha, na mimi huo ndio niliokuwa naukumbuka. Ungeniuliza jana ningekuapia kwamba amekuwa akipata nafasi.

Halafu nikafanya kosa la kutazama mstari wangu. Mechi 13. Nimerusha ova zote 8 katika mechi 11 kati ya hizo. Na nne kati ya hizo 11 tulishinda kwa mbali mno. Hakuna aliyeniambia, labda kwa sababu mimi ndiye nahodha. NambaTatuDaima, nilikuwa naanza kukuchukia kumbe naandika barua kwa kioo.

Nimempigia kijana. Sikumwita mechi, nimemwomba radhi kwanza, nikamsomea hizo namba kama zilivyo. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Nilidhani unaona mimi sijui kurusha." Yaani wiki kumi mtoto wa watu anasimama kule mpakani na hilo kichwani.

Nimemwambia Jumamosi atarusha ova ya pili ya mchezo kutoka upande wa juu, na atapewa nne, hata akipigwa. Naandika hapa ili mniulize.

NilichokeaMpakani

Tutakuuliza. Na yule anayetembea mara 40 awe nani wiki hii?

NahodhaKikosiCha2

Mimi. Nimeshatafuta kofia.

NambaTatuDaima

Kila la heri kaka, kwa dhati. Ila niandikie na hili: wakihitaji mikimbio 12 katika ova mbili za mwisho, na kijana amebakiza moja kati ya nne zake na wewe ndiyo kwanza umerusha sita, mpira unampa nani?