Fundi kaitoboa tenki ya KE70 ya marehemu mzee, kafunga pampu ya ndani kwa mpira wa kabureta na silikoni, nusura tuungue na mtoto

Wakuu salaam, leo sina salamu ndefu maana nina hasira na nimekaa nayo tangu Jumapili, nimesubiri ipoe niandike vizuri haipoi, acha niandike hivyo hivyo.

Gari ni Corolla KE70. Aliinunua marehemu mzee wangu akiwa bwana shamba Kilosa, ndiyo iliyotupeleka shule wote watano na ndiyo iliyombeba yeye mwenyewe hospitali mara ya mwisho. Injini yake ya 4K ilipokufa watu wakaniambia uza chuma chakavu, nikakataa, nikatafuta injini ya 5A-FE iliyotoka kwenye Corolla 110 iliyochinjwa nikafungiwa. Injini imekaa vizuri kabisa, aliyeifunga ni fundi mwingine na namheshimu mpaka leo. Balaa limeanzia kwenye mafuta.

Kwa asiyejua, injini za kabureta zina kale kapampu ka pembeni ya injini kanasukumwa na kemshafti, kanatoa presha ya psi 3 au 4 basi, kabureta haihitaji zaidi. 5A ni EFI, yaani haina kabureta, mafuta yanapuliziwa kwa nozeli, na nozeli zinataka psi 38 mpaka 44 muda wote, yaani mara kumi. Kwa hiyo lazima pampu ya umeme, na mahali pake pazuri ni ndani ya tenki, imezama kwenye petroli, maana petroli ndiyo inayoipooza na hizi pampu kazi yake kusukuma, kunyonya haziwezi sana. Hapo mimi na fundi wa pampu tulielewana. Tukapatana laki nne na nusu kazi na vifaa vyote, akaniambia "bosi hii kazi ndogo, nimefunga nyingi sana". Nikamwamini. Kilichoniuma ni hapo, nimemkabidhi mtu gari ya baba yangu kwa mdomo wake tu.

Wiki ya kwanza gari ilienda, sikatai. Ya pili nikaanza kuona ajabu, mafuta yakipungua nikikata kona kali gari inakata moto, ikinyooka inarudi. Nampigia ananiambia weka mafuta bosi acha ubahili. Na geji nayo inasoma nusu, haishuki, nikidhani ndio nusu kumbe mafuta yameisha zamani. Halafu harufu ya petroli ndani ya gari, mwanzo kidogo, baadaye nguo zinanuka mpaka ofisini wananiuliza kama nimehamia sheli. Nampigia tena, ananiambia gari za zamani ndivyo zilivyo. Wakuu gari hii nimepanda tangu nina miaka sita haijawahi kunuka hivyo!!

Jumapili tunatoka Kilosa kumwona mama, mimi, wife na mtoto wa darasa la pili kakaa nyuma. Tumepita Chalinze mtoto anasema kichwa kinamuuma, mara kaanza kutapika, tukafungua vioo vyote. Tunakaribia Ruvu gari ikaanza kumisi, ikakosa nguvu, ikazima. Naweka swichi pampu naisikia inalia vizuri kabisa mlio wake lakini injini haiwaki. Nikafungua buti. Zulia la buti limelowa, nimeligusa vidole vikawa vya baridi, petroli tupu. Nikawatoa watu wangu mbio wakasimame mbali kabisa upande wa juu wa barabara, maana mvuke wa petroli ni mzito unatambaa chini, haupandi. Dereva wa bodaboda akasimama atusaidie Mungu ambariki, ila ana sigara mkononi, nilimpigia kelele kama kichaa mpaka akaitupa barabarani na kukimbia. Nimemwomba msamaha baadaye. Mikono ilinitetemeka nusu saa.

Gari ikaletwa na breki dauni, gari la kuvuta, mpaka nyumbani. Jumanne nikaacha kazi nikaifungua mwenyewe chini ya mwembe na jamaa yangu mmoja anayejua EFI, tukaondoa betri kwanza.

Mfuniko wa pampu kaushika na skrubu za kufungia mabati. Sita. Kila skrubu imeingia mpaka ndani ya tenki, na gasketi hakuna, kamwaga silikoni nyekundu ya kawaida ambayo petroli inaila, nimeivuta kwa vidole ikatoka kama ute, laini, imevimba. Kwa hiyo kila nikijaza tenki mafuta yanapita pembeni ya skrubu yanalowesha buti, na mwanangu amekaa mbele yake.

Tukaitoa pampu. Ule mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye bomba la juu umevimba umekuwa mnene kama kidole gumba, ukiuminya unabonyea kama utumbo wa kuku, na chini ya klipu umepasuka urefu wa kama sentimita tatu. Nikaufuta nisome maandishi: 30R7. Wakuu huo ni mpira wa mafuta wa nje, wa mambo ya kabureta, ndani yake unavumilia petroli lakini ngozi ya nje haijatengenezwa kuzamishwa. Wa kuzama ndani ya tenki unaandikwa 30R10, na hata ule wa EFI wa 30R9 wa kule kwenye injini haufai kuzamishwa. Ndiyo maana pampu inalia gari haiwaki, inasukuma mafuta yanatokea pale kwenye mpasuko yanarudi humo humo kwenye tenki. Tuliwahi kuweka geji ya presha kwenye reli, lile bomba linalogawa mafuta kwa nozeli, kabla hatujaifungua ikasoma psi 12. Kumi na mbili.

Waya. Kachukua waya wa kawaida wa mtaani, plastiki yake imeshaanza kulainika na kumenyeka, shaba inaonekana sehemu mbili, ndani ya tenki ya petroli wakuu. Umeme wenyewe kautoa moja kwa moja kwenye waya wa swichi wa gari ya miaka arobaini, hakuna rilei, ile swichi ya umeme ya kubeba mzigo wa pampu, hakuna fyuzi yake. Tulipima kwenye pampu tukakuta umeme umeshuka mpaka volti 10.9, pampu itatoaje presha hapo? Na injini ya 5A ilikuja na rilei yake ya pampu kwenye wayaringi yake, ile ambayo kontrol boksi, kompyuta ya injini, inaikata injini ikizima, ndiyo inayokuokoa ukipata ajali mabomba yakakatika. Kaikata kaiacha inaning'inia chini ya dashibodi. Maana yake mimi ningepinduka pale Ruvu, ile pampu ingeendelea kumwaga petroli juu yetu mpaka betri iishe.

Return, bomba la kurudisha mafuta kwenye tenki, nayo kaiishia juu kabisa, mafuta yanayorudi yanadondoka kama bomba la mvua yanatengeneza povu halafu pampu inanyonya lile povu. Kikapu cha kushika mafuta kuzunguka pampu hakuna, ndiyo maana ilikuwa inakata moto kwenye zile kona. Floti, boya la geji, inagonga mwili wa pampu, ndiyo maana geji iliganda nusu. Na tenki hakuiosha, ile soksi ya chujio nimeitoa ina kutu imekaa kama masalia ya kahawa chini ya kikombe.

Sasa subirini, sijafika kwenye kilichonikosesha usingizi.

Nilimfuata kijana wake anayejifunza kazi, mtoto mdogo tu hata ndevu hana, nikamuuliza mliitoboaje tenki. Akaniambia bila wasiwasi, "tulimwaga mafuta yote kisha fundi akakata kwa grenda, mimi nimeishika isicheze". Grenda! Cheche zote zile! Tenki iliyomwagwa mafuta haijawa tupu, imejaa mvuke, na hiyo ndiyo inayolipuka kuliko hata iliyojaa mpaka mdomoni. Tenki inaoshwa na sabuni na maji ya moto, tena na tena, inaachwa wazi ikauke upepo, na hata hapo watu waangalifu wanaijaza maji wanaacha pale juu tu pa kukatia. Huyu kamshikisha mtoto wa watu bomu na kuchukua grenda. Yule kijana hajui mpaka leo kwamba angeweza kufa siku ile, nilipomwelezea kakaa kimya anaangalia chini. Mama yake anajua amempeleka kujifunza ufundi.

Nikampigia fundi. Mnajua kanijibu nini? "Mafuta ya siku hizi mabaya bosi, yanakula mpira." Nikamwambia mpira umeandikwa, soma, kasema hayo maandishi ya Wazungu hayana maana, mpira ni mpira. Kisha kaongeza pampu ni used haina garantii. Pampu ni nzima! Pampu ndiyo kitu pekee kizima humo ndani!

Sitataja jina lake wala gereji, sitaki kesi. Ila nimeshamwambia nataka laki nne na nusu yangu yote, na tenki anilipe maana imekatwa ovyo, kingo zimepinda na haitakaa gasketi bila kuchomelewa bati jipya. KE70 tenki nzima siku hizi unaipata wapi? Kanipa ahadi ya Ijumaa, tutaona Ijumaa.

NYONGEZA: naona wengi mnauliza kwanini sikuweka pampu ya nje nikaachana na haya. Nilifikiria. Ya nje lazima ikae chini kuliko tenki mafuta yashuke yenyewe, ikikaa juu inahangaika kunyonya, na kwa joto la Dar na foleni ya Ubungo mafuta yanaanza kutengeneza mvuke kwenye bomba gari inazima. Ya ndani ni bora ikifungwa na mtu anayejua. Sijabadili mawazo.

Ninachohitaji sasa: aliyewahi kununua mpira wa 30R10 hapa Dar, hata futi moja tu, aniambie ni duka gani, nimezunguka maduka ya spea ya Gerezani na Shaurimoyo siku mbili wote wananiletea R7 na R9 na kuniambia ni ile ile. Pia fundi wa kuchomelea matenki ambaye anaosha kwanza, kabla hajashika chochote, na ataniruhusu nisimame pale niangalie anavyoosha. Niko tayari kusubiri foleni yake hata mwezi.